Sahani Moja na Jirani

Wamaza, tarehe 9 mwezi wa tatu 2023

Kwa mudogo wangu Emilienne, Kasongo,

Amani ya Bwana ikukute nyumbani mwako, wewe na Sonia mutoto wako, pamoja na kuku zako zote, maana nikiwasahau hao najua utanuna. Sisi huku tuko. Wifi yako Pélagie anakusalimia sana. Anasema sabuni uliyotuma ilifika na inanukia vizuri kuliko watu wa nyumba hii. Mupunga tumevuna, si mubaya. Rezo ya simu ilikufa tangu Noeli na hakuna anayesema itafufuka lini, kwa hiyo uzoee barua. Kijana wa moto, yaani pikipiki, anayekuletea hii anaitwa Glody. Ana adabu, umupe chai.

Mimi ni muzima. Niliteleza kidogo pale kwenye daraja la magogo, nikiwa na baiskeli na gunia la mupunga, na muguu wa kushoto umevimba. Si kitu. Ukiona maandishi yamelala upande, ni kwa kuwa meza imekuwa mbali na mimi siku hizi.

Usijisumbue kuja. Njia ni mbaya na mvua bado ziko.

Kaka yako,
Sylvestre


Kasongo, tarehe 30 mwezi wa tatu 2023

Kwa Yaya Sylvestre, kaka yangu mukubwa,

Nakusalimu kwa heshima zote, wewe na wifi Pélagie. Huku tunamushukuru Mungu. Sonia amemaliza mitihani, hesabu zimemushinda kama zilivyonishinda mimi, tumesameheana. Kuku wanataga na mayai yanaisha sokoni kabla ya saa sita.

Sasa tuseme. Glody nilimupa chai, akanywa, nikamuuliza, akasema. Kumbe ulibebwa kwa tipoyi, machela ya miti mabegani mwa watu, ukiwa umelazwa kama gunia lako la mupunga. Kumbe mufupa wa chini ya goti umevunjika. Na wewe unaniandikia habari za sabuni. Nililia kwanza, kisha nikakasirika, na hasira bado iko.

Usiniambie si kitu. Muguu huo naujua. Baba na mama walipotuacha, ni wewe uliyenipandisha nyuma ya baiskeli, juu ya furushi la nguo na muhogo mukavu, ukanileta Kasongo kwa masista nisome. Penye mulima ulishuka ukasukuma, na mimi nikabaki nimekaa kama bibi-arusi, kila nikitaka kushuka unanikataza. Herufi zote ninazokuandikia zilifika Kasongo kwa miguu yako.

Niambie ukweli wote. Natuma samaki wadogo wakavu, ndagala. Ule wazima, pamoja na vichwa na mifupa yao.

Mudogo wako,
Emilienne


Wamaza, tarehe 21 mwezi wa nne 2023

Kwa mudogo wangu Emilienne,

Salamu nyingi za pole pole kutoka kitandani, kwa kuwa sasa unajua. Pélagie ni muzima, mabata ni wazima, mvua inapungua. Glody simupi chai tena.

Ukweli ndio huu. Munganga Dominique wa kituo cha afya alikuja, akaangalia, akasema afadhali mufupa haukutoboa ngozi. Akanipa vidonge vya maumivu. Alitaka nipelekwe hospitali ya Kabambare nikafungwe plasta, lakini daraja lenyewe lilichukuliwa na maji siku ya pili yake. Basi akakubali Fundi Bakari anishike, kwa masharti kwamba yeye Dominique atapita kuangalia. Fundi Bakari unamukumbuka, yule muzee wa mifupa. Alinyoosha muguu kwa mikono yake miwili, nikasema maneno ambayo Pélagie ameniombea msamaha kanisani, kisha akanifunga vipande vya mianzi.

Kisha kuna kuku wa matibabu. Wewe umekaa mujini siku nyingi, labda umesahau. Fundi alichagua kuku muke kijana hapa uani, akamuvunja muguu uleule wa kushoto, akamufunga mianzi midogo kama yangu, dawa ileile, mafuta yaleyale. Kuku analala chumbani mwangu. Hatoki nje, mwewe asije kumuchukua. Anakula sahani moja na mimi: mugonjwa anaanza, kuku anamaliza. Siku atakayokanyaga chini kwa muguu huo, ndiyo siku mimi nitafunguliwa. Akishapona hachinjwi, anazeeka kama mutu wa familia. Nimemuita Jirani. Anakoroma kidogo.

Aksanti sana kwa ndagala. Migongo nimekula. Vichwa na miiba nimewatupia mabata, maana mukubwa wa nyumba hawezi kukaa mbele ya sahani inayomuangalia kwa macho yote hayo.

Kaka yako,
Sylvestre


Kasongo, tarehe 10 mwezi wa tano 2023

Kwa Yaya Sylvestre,

Amani kwako, kwa wifi, na kwa Jirani. Aksanti kwa kuniambia ukweli. Nimepumua kidogo. Fundi Bakari umusalimie kwa mikono miwili, na munganga Dominique vilevile.

Nilitaka kuja, lakini Sonia ameshikwa na homa na siwezi kumuacha. Ndagala wengine hawa hapa. Kuhusu vichwa na mabata: mabata yako hayajavunjika muguu, Yaya.

Andika upesi. Kuku kijana hakai na mianzi siku nyingi, natarajia barua inayokuja iseme Jirani anatembea.

Mudogo wako,
Emilienne


Wamaza, tarehe 4 mwezi wa sita 2023

Kwa Emilienne,

Salamu. Tuko.

Jirani hatembei. Angekuwa amekanyaga zamani, Fundi mwenyewe anasema hivyo na macho yake anayapeleka pembeni. Nikimusimamisha anaanguka, na sasa hata muguu muzima unamutetemeka. Hapungukiwi chakula. Tunakula wote: ugali wa muhogo, wali, muchuzi kidogo, na Pélagie anamuongezea mapumba ya mupunga mpaka anayamwaga. Tena ameanza kutaga, ebu fikiri. Lakini yai la kwanza lilikuwa laini kama karatasi iliyolowa, la pili lilipasuka chini ya tumbo lake. Hata yeye hajui kazi yake.

Watu wanakuja kunitazama, wanamutazama yeye, wanaondoka haraka. Nimemuambia Pélagie afunge mulango na dirisha. Usiku nashika muguu wangu na sijisikii kama mutu mwenye muguu.

Baiskeli nimemupa Magloire, kaka yake Pélagie. Yeye ana njia za kwenda.

Usitume kitu tena.

Sylvestre


Kasongo, tarehe 17 mwezi wa sita 2023

Kwa Yaya Sylvestre,

Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza macho yalikuwa na maji. Amani iwe humo ndani, hata dirisha likiwa limefungwa. Sonia amepona. Wifi Pélagie mupe pole yangu, najua anabeba nyumba nzima peke yake.

Baiskeli utairudisha. Hilo tumemaliza.

Sasa unisikilize kuhusu mayai. Wewe umeyataja kwa kumucheka Jirani, mimi ndiyo nimeyashika. Mwaka juzi kuku zangu walikaa chini hivyohivyo. Nilikuwa nawalisha mapumba tu, kwa kuwa mashine ya kukoboa mupunga iko karibu. Walinenepa, nikajisifu. Kisha mayai yakawa laini, kisha wenyewe wakashindwa kusimama. Nilidhani kuna mutu wa soko aliyenitazama kwa jicho baya, hata nilikuwa nimeshamujua kwa jina. Nikamuita Jean-Marie, veterinere, munganga wa wanyama. Akachukua kuku mumoja, akashika muguu wake kwa vidole viwili, akaukunja, ukapinda. Nikasahau yule mutu wa soko.

Aliniambia hivi. Mufupa unajengwa na vitu viwili, kalsiyumu na fosfori. Wanaubeba pamoja kama wabebaji wa tipoyi, mumoja mbele, mumoja nyuma. Mapumba yana fosfori nyingi, ingawa sehemu kubwa imejifunga humo na mwili hauifikii, lakini kalsiyumu karibu hakuna. Basi mubebaji mumoja ameshika, mwingine hayuko. Mwili ukikosa kalsiyumu kwenye chakula, unaanza kuitafuta ndani ya mifupa yake wenyewe, kama mutu anayeng'oa miti ya ukuta wa nyumba yake apate kuni za kupikia. Na kuku anayetaga ndiye mwenye taabu zaidi, kwa sababu ganda la yai linataka kalsiyumu kila siku. Kisha kuna jua: mwili usipoliona jua, hata kalsiyumu inayoliwa haishikwi vizuri.

Kwa hiyo Jirani hajakataa kupona, Yaya. Amevunjwa mufupa, amefungiwa gizani, analishwa ugali na mapumba, na kila yai linamunyang'anya kidogo alichobaki nacho. Hata mimi nisingesimama.

Nilimuuliza Jean-Marie, na watu je? Akasema watu ni hivyohivyo, tofauti ni mayai tu. Muhogo na muchele vinashibisha, lakini kalsiyumu yao ni kidogo sana. Majani kama sombe, yale ya muhogo, yanayo kiasi. Ndagala anavyo vyote viwili, kalsiyumu na fosfori, mumoja mbele, mumoja nyuma, ila vimekaa kwenye mifupa na kichwa. Yaani kwa mabata yako.

Sikuambii ule. Wewe ni mukubwa wangu, sina mudomo wa kukuamuru. Ninatuma maganda ya konokono wa muto niliyochoma na kusaga. Hayo ni ya Jirani, kijiko kidogo juu ya chakula chake. Fundi Bakari nimemutumia salamu zake pembeni, kwa kuwa amekushika vizuri.

Uniandikie. Hata kama ni neno moja.

Mudogo wako,
Emilienne


Wamaza, tarehe 20 mwezi wa nane 2023

Kwa mudogo wangu Emilienne,

Salamu zangu zote, na za Pélagie, na za nyumba yote yenye madirisha wazi. Najua nimechelewa na najua umeumia. Nilitaka kukuandikia nikiwa nimekaa mezani, na meza ilikuwa mbali. Leo niko mezani.

Nikueleze kwa utaratibu. Barua yako nilisoma, nikaikunja, nikaiweka chini ya muto wa kichwa, nikageukia ukuta. Siku chache baadaye Fundi Bakari akaingia na uso wa hakimu na mufuko mukononi. Hakusalimia sana. Akasema amefikiri kuhusu kuku na sheria inabadilika. Kuanzia leo Jirani atakula ndagala wazima, waliotwangwa na vichwa vyao na mifupa yao, ndani ya sombe. Na kila asubuhi atatolewa uani kwenye jua.

Nikasema vizuri, ale. Akasema, "Na sahani ni moja. Mugonjwa anaanza."

Nikamuambia hilo haliwezekani, mimi si bata. Akasema basi yeye atafungua mianzi yake, yangu na ya kuku, aende nayo nyumbani. Nikasema na mambo ya jua hayanihusu. Akasema kuku hawezi kwenda juani bila mwenzake, atalia. Nikamuangalia Pélagie anisaidie. Pélagie aliangalia ukuta, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Nikala. Mwanzoni nilifumba macho. Ndagala zikitwangwa hazikuangalii, hilo nakubali, na zikikaa ndani ya sombe yenye mafuta ya mawese, mutu anaweza kusahau heshima yake. Nilianza mimi, Jirani akamalizia, na maganda yako ya konokono juu ya fungu lake. Asubuhi tukawekwa uani wote wawili, mimi kwenye kiti, yeye kwenye kikapu, watu wakipita wanatusalimia kwa zamu. Ikafika wakati nikamuuliza Pélagie kwa nini leo ndagala ni kidogo. Usimuambie mutu.

Mayai yalitangulia. Yakaanza kuwa na ganda, jembamba, kisha gumu. Na asubuhi moja panzi akaruka mbele yetu. Jirani akatoka kikapuni, akarukaruka kwa muguu mumoja, kisha akakanyaga. Kwa wa kushoto, Emilienne. Akakanyaga tena, akamufuata panzi mpaka kwenye jiko. Panzi mwenyewe hakumupata. Mimi nilikuwa nalia pale kitini kama mutoto, na Pélagie alitoka mbio akidhani nimeanguka.

Fundi Bakari alikuja akanifungua. Munganga Dominique naye akaja, akabonyeza, akanisimamisha, akasema mufupa umeshika. Natembea na fimbo. Jumapili nilifika kanisani kwa miguu yangu, nikakaa benchi la nyuma, sikusikia mahubiri hata kidogo kwa ajili ya kushukuru. Magloire amerudisha baiskeli. Anasema hakuipanda hata siku moja, aliitundika ukutani akiningojea. Mutu yule nilikuwa namuona muvivu. Mungu anisamehe.

Sasa neno moja, kisha namaliza.

Mufuko wa ndagala ambao Fundi alisema ni wake mwenyewe, alipouweka kitandani niliutazama. Ulikuwa umefungwa kwa mupira wa tairi la baiskeli, kwa lile fundo la kupitisha mara mbili na kuficha ncha ndani. Fundo hilo nimelifundisha mutu mumoja tu, njiani kwenda Kasongo, furushi la nguo lilipokuwa linadondoka kila mulima, na mutoto mumoja analia kwamba na yeye atadondoka njiani hivyohivyo. Nikamuonyesha namna ya kufunga. Nikamuambia: ukifunga hivi, hakuna kitu kitakachodondoka.

Kwa hiyo nilijua tangu siku ile ya kwanza kwamba mufuko umetoka kwako. Fundi anadhani amenishinda kwa ukali, umuache na furaha yake. Sikula kwa ajili ya kuku. Nilikula kwa kuwa nililiangalia fundo lile nikafikiri, mutoto niliyeogopa asidondoke ndiye leo anayeogopa nisidondoke mimi.

Aksanti, mudogo wangu. Sina neno lingine, na hili nalisema nikiwa nimesimama. Nimeinuka makusudi ili niliandike.

Glody anakuletea kopo. Ndani mna yai la Jirani, nimelizungushia mapumba, hapo ndipo mapumba yamepata kazi inayoyafaa. Likifika, utaelewa. Lisipofika, ulaumu njia, usimulaumu Jirani.

Kaka yako,
Sylvestre


Kasongo, tarehe 9 mwezi wa tisa 2023

Kwa Yaya Sylvestre,

Yai limefika.

Nimeandika hilo mbele ya salamu, unisamehe, salamu ni hizi: amani kwako, kwa wifi Pélagie, kwa Magloire, kwa Fundi Bakari, kwa munganga Dominique, na kwa Jirani mwenyewe, ambaye natamani kumushika mukono kama angekuwa nao.

Glody alikuja ameinamisha kichwa. Alikiri kwamba alianguka na moto penye matope, kopo likaruka, likabiringika mpaka mutaroni. Hakuthubutu kulifungua. Tukalifungua hapa mezani, mimi, yeye na Sonia, mapumba yakamwagika kila mahali, na yai likawa limekaa humo ndani, zima, halina hata ufa. Nililigonga kwa ukucha. Lilinijibu, Yaya. Glody alivua kofia. Sonia akauliza tulikaange, nikamuangalia, akatoka nje.

Nililishika mukononi mpaka likapata joto. Nilikuwa nafikiria lile la kwanza, lililokuwa kama karatasi, na wewe umegeukia ukuta. Wakati ule usiku niliamka nikimuomba Mungu kitu kimoja tu, na nilikuwa naona haya kwa kuwa nilikuwa namuombea kuku.

Mambo ya fundo sielewi unasema nini. Watu wengi wa Kasongo wanafunga vile.

Lakini aksanti kwa kula. Aksanti kwa kusimama. Aksanti kwa mulima ule wote uliosukuma nikiwa nimekaa. Nilikuwa mudogo, sikujua kusema.

Noeli nakuja, mimi na Sonia. Glody atatushusha chini ya mulima wa kuingia kwenu. Uje utupokee na baiskeli, tupakie mizigo, mimi nitafunga. Kisha tusukume wote wawili mpaka juu, pole pole, kwa mwendo wa muguu wako. Utaniambia nipande nikae nyuma, nakujua. Nakujibu kabisa kutoka hapa: safari hii sitakaa.

Mudogo wako,
Emilienne